Cruiser ya kuwindia imeliwa na kutu katikati ya msimu: kiraka cha muda kiwekwe wapi, na wapi kisiwekwe?

#1 Nyayo za Rungwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana nadhani si kambi yetu tu yenye shida hii.

Nasimamia magari ya kambi moja ya uwindaji wa kitalii huku pori la akiba la Rungwa. Kati ya magari hayo ipo Land Cruiser HZJ75 pikapu, injini 1HZ, ya miaka ya 1990, ambayo imekuwa ya kuwindia tangu ilipoingia nchini. Nyuma imejengewa stendi ya mabomba yenye viti vya juu, mbele ina bampa la bomba na winchi. Injini inawaka kwa ufunguo mmoja, gia ziko sawa, springi tumebadilisha. Shida ni kutu.

Hali yenyewe ni hii. Sakafu upande wa dereva, chini ya mkeka, ina tundu linaloingiza kiganja. Kona ya chini ya kabini, nyuma ya mlango wa abiria, bati limeachia. Kule nyuma tunakopakia wanyama, pale miguu ya stendi inapokanyaga, bati limevimba na kupasuka. Chini ya gari, juu ya ekseli ya nyuma, chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, inabambuka magamba. Na tangi la dizeli limeanza kutoa jasho kwenye mshono.

Kambi yetu inafunga msimu mwisho wa Desemba, wageni wameshalipia, na siwezi kulitoa gari kwenda mjini likakae gereji wiki nzima na zaidi. Nina jenereta, grenda, drili, mashine ndogo ya kuchomelea ya umeme, na gari la mahitaji linalokwenda Itigi na Singida. Naomba mnisaidie mambo mawili: kipi nikifanye hapa kambini kishike mpaka msimu uishe, na kipi nikikigusa kwa kubahatisha ninaweza kuua mtu?

Nawasilisha.

#2 Dereva wa Moyowosi

Pole mkuu. Hiyo sakafu weka faiba (nyuzi za kioo na gundi yake) na puti ya kujazia, piga msasa, paka rangi, mwaga oili chafu chini kote, kazi iendelee. Vitalu vyote vya uwindaji tumefanya hivyo na magari yanatembea.

#3 Fundi Bodi Arusha

Mleta uzi, umefanya vizuri kutenganisha hayo maswali mawili, kwa sababu majibu yake hayafanani hata kidogo.

Gari lako lina chuma kinachofunika na chuma kinachobeba. Kinachofunika ni sakafu, kona za kabini, mabawa, milango. Kikitoboka vumbi linaingia, mbung'o wanaingia, mguu wa dereva unalowa, lakini gari halimgeuki mtu. Kinachobeba ni chesisi, vishikio vya springi, mahali boksi la usukani linapofungwa, mikono ya chesisi inayobeba kabini, mahali mkanda wa usalama unaposhikiliwa, na kwenye gari lako ongeza miguu ya stendi. Kiraka cha muda ni cha chuma kinachofunika. Kwenye chuma kinachobeba, neno "muda" maana yake ni mwendo wa taratibu kwenda gereji bila mtu nyuma, basi.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza hata msasa, pima chesisi. Osha kwanza, iache ikauke. Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga kuanzia bampa la mbele hadi nyuma: juu, ubavuni, chini, na kuzunguka kila kishikio cha springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu. Penye sauti butu sukuma bisibisi ya zamani kwa nguvu ya mkono. Ikizama, hapo hapana chuma. Watu wanaogopa kutoboa chesisi yao wenyewe, lakini bisibisi haiwezi kutoboa chuma kilicho hai. Kumbuka chesisi za gari hizi zina sehemu zilizofungwa kama boksi, matope yanaingia kwa matundu na hayatoki, hivyo kutu inatoka ndani kuja nje. Ukiona tundu nje, ndani hali ni mbaya zaidi ya hapo. Tuletee majibu.

Sasa sakafu. Toa kiti, toa mkeka na kila kilicho chini yake. Chungulia upande wa chini uone kama kuna paipu ya breki, paipu ya dizeli au nyaya zinazopita hapo, uzisogeze. Kisha kata kwa grenda mpaka ufike kwenye bati linalong'aa lenye unene wake, hata kama tundu la kiganja litageuka la sahani. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kulionea huruma bati bovu: anabandika kiraka juu ya bati lililobaki wembamba wa karatasi, ribiti (vipini vya kubana bati kwa bati) zinakosa pa kushika, baada ya makorongo mawili matatu kiraka kinacheza.

Kiraka kiwe bati jeusi la milimita 1 hadi 1.2. Bati la kuezekea la geji 28 au 30 ni jembamba mno, kisigino cha dereva kitalikunja. Kata lizidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, kona zikate mviringo. Lipake rangi pande zote mbili na mikato yake, likauke, ndipo ulifunge. Katikati weka gundi ya poliyurethani, ile wanayobandikia vioo vya mbele. Kufunga, ribiti za chuma zinafaa, lakini mimi napendelea bolti ndogo za milimita 6 zenye washa pana.

Sababu ya kupenda bolti ndiyo hoja yangu kubwa kwenye uzi huu. Kiraka cha muda lazima kifunguke. Baada ya mvua ya kwanza unafungua, unatazama, unakausha, unafunga tena. Na mwisho wa msimu fundi atakayelichomelea gari hana kazi ya kubandua uchafu wako. Puti na faiba haifunguki, na inakuficha hali halisi mpaka siku mguu unapopita chini.

Mkuu wa Moyowosi, sikupingi kwamba magari yanatembea. Lakini mimi ndiye ninayeyapokea Januari. Puti inafyonza maji, na bodi la gari la porini linajipinda kila hatua. Faiba ya kawaida haigandi juu ya kutu, inaachia kingo kwanza, maji yanaingia kati na kulala humo. Nakata puti nene kama kidole na nyuma yake nakuta vumbi jekundu tu, bati limekwisha.

#4 Mkemia wa Moro

Fundi kasema vyema. Niongeze upande wa kemia, maana kwenye gari la kuwindia kuna kitu ambacho gari la shamba halina: chumvi.

Fikirieni kinachopakiwa kule nyuma. Nyati dume wa kilo mia sita na zaidi, damu inatiririka kwenye kila mshono wa bati, na damu ina chumvi. Halafu magunia ya chumvi ya kutibia ngozi, nayo yanapasuka. Maji ya kuoshea yanasukuma vyote hivyo chini ya miguu ya stendi, na huko hakuna pa kutokea. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, kwa hiyo usiku bati linalowa hata kabla mvua haijanyesha. Ndiyo maana kumevimba hapo hasa. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ikikosa pa kwenda inasukuma bati mpaka linapasuka.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji safi, mengi, tena na tena. Loweka, sugua, suuza, acha ikauke, rudia. Ukipaka rangi au dawa yoyote juu ya chumvi umeifungia chakula ndani. Ukiona baada ya kukauka bado kuna madoa yanayorudi unyevu asubuhi, chumvi bado ipo.

Baada ya hapo amua kwa kutazama chuma chako kilivyo.

Kama umekwangua mpaka kinang'aa, paka rangi ya msingi yenye zinki nyingi. Zinki hujitoa kuliwa badala ya chuma, lakini kwa sharti moja: iguse chuma kitupu. Ukiipaka juu ya kutu inakuwa rangi ya kijivu tu.

Kama kuna vishimo vyenye kutu usiyoweza kuifikia, tumia dawa ya kugeuza kutu. Zipo za asidi ya fosforiki na zipo za tanini, hiyo hiyo inayotoka kwenye magome ya miwati ya Njombe kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Ya tanini huigeuza kutu kuwa nyeusi yenye kuelekea bluu. Inashughulika na kutu nyembamba iliyoshika chuma. Magamba hayageuzwi na dawa yoyote, magamba yanatolewa kwa nyundo na brashi ya waya. Baada ya dawa hii usipake ile ya zinki, maana zinki haitakigusa chuma; paka rangi ya msingi ya epoksi.

Na ile redoksaidi tunayoipenda, rangi nyekundu ya msingi, peke yake haitoshi. Rangi za msingi hupitisha unyevu. Mkipaka redoksaidi mkaacha hivyo mpaka mvua ya Novemba, mmepoteza rangi. Lazima ifunikwe na rangi ya juu.

La mwisho: silikoni yenye harufu ya siki isikaribie chuma. Hiyo harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka, inaanzisha kutu mpya chini ya kiraka. Tumieni poliyurethani kama alivyosema fundi.

#5 Longido 110

Asanteni kwa elimu. Sisi huku tuna Land Rover 110, na kila mtu ananiambia bodi lake ni alumini hivyo haliozi. Mbona mikunjo ya chini ya milango inatoka unga mweupe, na paneli za nyuma zimetoboka vitundu? Gari linashinda upande wa Ziwa Natron.

#6 Mkemia wa Moro

Mkuu wa Longido, una mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza ni magadi. Vumbi la Natron ni magadi, na magadi yanakula alumini. Angalia sufuria ya alumini iliyochemshiwa maharage kwa magadi inavyokuwa nyeusi ndani. Hicho hicho ndicho kinachofanyika mlangoni kwako umande ukishuka. Osha gari kila linapotoka huko, hasa ndani ya mikunjo, na usisubiri liwe na matope.

La pili ni ndoa ya alumini na chuma. Zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Fremu za ndani za milango yako ni za chuma, ngozi ya nje ni alumini, na mkunjo wa chini unazibana pamoja na maji katikati. Unga mweupe ni kutu ya alumini. Ukiweka kiraka, tenganisha metali kwa rangi na gundi, zisigusane.

Na hapa kuna jambo kwa mleta uzi pia: usifunge kiraka cha chuma kwenye bodi la chuma kwa ribiti za alumini. Alumini kidogo ikizungukwa na chuma kingi huliwa haraka sana. Ribiti vichwa vitadondoka kabla ya msimu kuisha. Chuma kwa chuma.

#7 Fundi Bodi Arusha

Naongezea kwa wenye Land Rover: chesisi yake ni chuma, ukuta wa mbele unaobeba bawaba za milango ni chuma, na mikono ya pembeni ya chesisi ni chuma. Watu wanatazama bodi linang'aa wakidhani wako salama, kumbe boriti ya nyuma ya chesisi inashikiliwa na rangi. Nyundo ni ile ile.

#8 Nyayo za Rungwa (mleta uzi)

Wakuu nimepima. Mbele kote chesisi inalia vizuri. Katikati vizuri. Upande wa kushoto juu ya ekseli ya nyuma, karibu na kishikio cha nyuma cha springi, bisibisi imezama. Nikaivuta kukatoka matope makavu na magamba. Upande wa kulia kuna magamba juu lakini chini yake chuma kinalia.

Tumetoa pia mbao na alumini yenye maua iliyokuwa imefunika sakafu ya nyuma. Chini yake kulikuwa na tope zito la damu na chumvi.

Swali: hiyo chesisi nikiichomelea kiraka hapa hapa na mashine yangu ndogo, itashika?

#9 Mzee wa Winchi

Kijana, sikiliza. Nimeendesha magari ya uwindaji tangu uliporudishwa 1978 baada ya kufungwa 1973. Tulikuwa tunachomelea porini kwa betri. Unaunga betri mbili au tatu za volti 12 kwa mfululizo, unapata volti 24 au 36, waya nene za kuamshia gari, fimbo ya kuchomelea, na kioo cheusi. Inaunguza chuma sawasawa. Kwa mabano ya shokapu, kishikio cha ekzosi, bomba la bampa, hiyo njia imerudisha magari mengi kambini. Betri ziwekwe mbali na cheche maana zinatoa gesi inayolipuka, na nyasi zisafishwe mita kadhaa, moto wa porini haurudi nyuma.

Lakini chesisi karibu na springi sikuwahi kukubali tuichomelee na kuendelea na kazi. Tulifunga, tukashusha mizigo, tukaenda mjini taratibu.

#10 Fundi Bodi Arusha

Shikamoo mzee. Umemaliza.

Mleta uzi, jibu langu ni hapana, na nakueleza kwa nini ili usione nakukatalia tu. Kwanza, ukichomelea kwenye chuma chembamba chenye kutu ndani, moto unakula kingo, unafukuza tundu huku na huku, na weldi inakaa juu ya magamba. Pili, hata ukipata chuma kizuri cha kushika, kiraka kilichochomelewa msalaba kwa mstari wa wima kinaifanya chesisi iwe ngumu hapo na laini pembeni, mpasuko mpya unaanzia kwenye ukingo wa weldi yako. Kazi halali hukata sehemu mbovu yote, huweka bati la unene wa chesisi yenyewe, ncha zake zikiwa zimechongoka kama almasi ili mzigo usikatike ghafla, na gari limepumzishwa kwenye stendi za gereji likiwa limenyooka. Hiyo si kazi ya kufanyia juu ya jeki kwenye mchanga.

Cha kufanya ili litoke huko: tafuta chuma cha pembe chenye unene wa milimita 6, urefu uzidi eneo bovu angalau sentimita 30 kila upande, kiweke ubavuni mwa chesisi, ukifunge kwa bolti ngumu zinazopita katikati ya ubavu, penye chuma kizima. Usitoboe sehemu ya juu wala ya chini ya chesisi, hizo ndizo zinazobeba mvuto na mgandamizo. Shusha mizigo yote, ng'oa stendi, dereva peke yake, mwendo wa taratibu mpaka lami. Likifika Itigi lipandishwe kwenye lori kama inawezekana. Hicho chuma cha pembe si matengenezo. Kazi yake ni kulisafirisha gari, kisha kinatupwa.

Kuhusu stendi, hata kama chesisi ingekuwa nzima, miguu kukanyaga bati la sakafu ni kosa la ujenzi. Mwindaji bingwa, mgeni na wafuatiliaji wa nyayo wanakaa juu, gari linaingia korongoni kwa ubavu, na uzito wote unavutwa na bolti chache kwenye bati la milimita moja na kitu. Miguu ishuke mpaka kwenye chesisi au kwenye boriti zake, kwa sahani pana za chuma. Kwa leo, viti vya juu visikaliwe na mtu yeyote.

#11 Nyayo za Rungwa (mleta uzi)

Nimekuelewa fundi. Stendi tumeshaifungua jioni hii. Bosi hakupenda, nikampeleka chini ya gari, nikampa bisibisi mkononi asukume mwenyewe. Hakubishana tena.

Tutakodi gari la kitalu jirani kwa wageni. Hili letu likitoka chesisi litarudi kama gari la mahitaji mpaka msimu uishe, kwa hiyo sakafu na kona ya kabini bado nataka nizitengeneze. Vipi kuhusu tangi?

#12 Dereva wa Moyowosi

Tangi nina uzoefu nalo. Sabuni ya mche. Futa mshono kwa kitambaa mpaka ukauke, kisha sugua kipande cha sabuni kwa nguvu kama unakandika. Dizeli haiyeyushi sabuni, inaziba. Ila maji yanaiondoa, ukivuka mto sugua tena. Ni ya kukufikisha tu.

Na fundi, hoja yako ya kiraka kufunguka imeniingia. Mwaka huu sakafu yangu nitaweka bolti.

#13 Fundi Bodi Arusha

Sahihi kabisa kuhusu sabuni. Ukitaka cha kukaa zaidi, shusha mafuta yawe chini ya mshono, kwangua mpaka chuma king'ae, futa mafuta, paka epoksi ya vipande viwili ile ya kukanda kwa mkono. Moto usiukaribie tangi hata kama ni tupu na ni la dizeli. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulipua.

Na ukiwa huko chini pitisha kidole kwenye paipu za breki za chuma mpaka nyuma. Zikiwa na vipele vya kutu, badilisha. Kwa paipu ya breki hakuna sabuni, hakuna epoksi, hakuna "itanifikisha".

#14 Bint wa Muscat

Assalamu alaikum kaka zangu. Mie nipo Oman, huku Cruiser za 70 ndizo za jangwani na shida yetu ni sabkha, yale mabwawa ya chumvi yaliyokauka juu, kama kule Barr al Hikman. Gari likizama humo chesisi yote inajaa tope la chumvi. Mume wangu na wenzake wana desturi moja: gari halilali na chumvi. Wanaingiza mpira wa maji ndani ya matundu ya chesisi, maji yanapita mpaka yatoke meupe upande wa pili, na wanazibua matundu ya chini ya kutolea maji kwa waya. Mnapoosha nje tu, ile iliyo ndani inabaki inaendelea na kazi yake.

Tena oili chafu msiitegemee. Inashika mchanga ukawa kama tope, na inalainisha mipira yote ya springi na ya breki.

#15 Mkemia wa Moro

Dada kasema kweli tupu kuhusu kuosha ndani. Na oili iliyotumika ina uchafu wa injini wenye madhara kwa ngozi ya binadamu, tena mko ndani ya pori la akiba, inadondoka kwenye mito wanyama wanakonywa. Haifai.

Kwa ndani ya chesisi na milango, baada ya kuosha na kukausha kabisa, kuna dawa za nta za kupulizia. Kama hazipatikani, mko jirani na Tabora, na huko nta ya nyuki ni bidhaa ya siku zote. Yeyusha nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi. Changanya na oili safi ya injini mpaka, ikipoa, iwe laini kama samli. Paka ikiwa na joto, itapenya kwenye mishono kisha itaganda. Isipakwe karibu na ekzosi wala breki. Juani itakuwa laini kidogo, hiyo haina ubaya, inajiziba yenyewe palipokwaruzika.

#16 Longido 110

Kwa hiyo ile alumini yenye maua ambayo kila gari la kuwindia linafunikwa nayo nyuma, tuitoe?

#17 Fundi Bodi Arusha

Itoe, osha chini yake, kisha uirudishe ikiwa imeinuliwa kwa vipande vya mpira mnene ili hewa na maji vipite, bolti zikiwa na washa za plastiki. Na chini ya sakafu toboa matundu ya kutolea maji kwenye kona za chini kabisa, kingo za matundu zipakwe rangi. Kama ilivyofungwa kwenye magari mengi, imelala bapa juu ya chuma, damu inaingia na haitoki. Nimeona gari ambalo juu linang'aa kama jipya na chini unaweza kupitisha mkono.

#18 Nyayo za Rungwa (mleta uzi)

Mrejesho wakuu. Gari lilifika Itigi salama na chuma cha pembe, lipo njiani kwenda kufanyiwa chesisi kwa fundi mwenye stendi za gereji. Kabla halijaondoka tulikata sakafu: tundu lilikuwa kubwa kama fundi alivyotabiri. Kiraka cha milimita 1.2, gundi ya vioo, bolti za 6. Kona ya kabini hatukuwa na bati la kukunja vizuri, tumepiga dawa ya tanini na epoksi, tukafunga bati kwa ribiti za chuma.

Nimeweka utaratibu mpya kwa magari yote: mnyama akishushwa tu, gari linakwenda kwenye tangi la maji kabla ya dereva kula. Magunia ya chumvi yanasafiri ndani ya mapipa ya plastiki yenye mfuniko. Mchuna ngozi mkuu ndiye anayesimamia, na amelipokea vizuri.

Swali moja limebaki. Januari mpaka Juni magari yanalala kambini na mvua. Yafunikwe turubai?

#19 Fundi Bodi Arusha

Turubai linalogusa bodi hapana, linabana unyevu. Jenga paa la makuti au mabati lililo wazi pande zote, gari likae kwenye kokoto au mbao, si kwenye nyasi. Inua pua kidogo kuliko mkia ili maji ya chesisi yatoke nyuma, matundu yakiwa yamezibuliwa. Mikeka yote itolewe ihifadhiwe ndani, vioo viachwe na upenyo mdogo wenye wavu. Mlinzi afungue milango siku za jua. Na hicho kiraka cha sakafu kifungueni Machi mkitazame, mnitumie picha.